Anayepima Maji Asitishwe



Mwezi wa Aprili mwaka 2024 maji ya Mto Rufiji yaliingia katika mashamba, nyumba na madrasa za wilaya za Rufiji na Kibiti. Mpunga uliokuwa ukisubiri kuvunwa ulizama. Watu wakiwa bado hawajarudi majumbani mwao, tarehe 4 Mei, kimbunga Hidaya nacho kikafika Mafia na pwani yetu. Katika siku hizo, kila penye baraza palikuwa na swali moja: maji haya ni ya mvua peke yake, au ni ya mvua na ya bwawa?

Serikali ilijibu kwamba chanzo ni mvua za El Niño, kwamba Rufiji imekuwa ikifurika tangu enzi za mababu, na kwamba Bwawa la Julius Nyerere lilizuia sehemu ya maji yasishuke yote kwa pamoja. Huenda jibu hilo ni sahihi. Sisi hatuna mizani ya kulipimia, na hatupendi kuwa miongoni mwa wanaotoa hukumu kabla ya kusikia ushahidi. Wazee wetu wanayakumbuka mafuriko ya mwaka 1968, yale yaliyofuatiwa na Operesheni Rufiji iliyowatoa watu bondeni na kuwapandisha kwenye miinuko, na wakati huo bwawa lilikuwa bado ni michoro kwenye karatasi. Linalotushughulisha ni jambo jingine. Wengi wa waliouliza swali lile waliliuliza kwa sauti ya chini, kisha wakageuka kuangalia nani amesikia.

Kwa nini mja wa Mwenyezi Mungu aogope kuuliza maji ya mto wake yamepanda dhiraa ngapi, na yamefunguliwa lini? Hilo ndilo tunalotaka kulitazama mwezi huu. Hofu hiyo haikuanza juzi.

Mwaka 1997 ilikuja kampuni iliyotaka kufuga kamba katika delta, mradi wa kiasi cha hekta 10,000. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) waliupitia mradi ule, wakashauri usikubaliwe, kwa kuwa ungeiharibu mikoko ambayo ndiyo malezi ya kamba wa asili. Baraza la Mawaziri likauidhinisha mwaka huohuo. Maana yake ni kwamba waliosomeshwa kwa fedha za umma ili wapime, walipima, na kipimo chao kikawekwa kando kwa sababu hakikuafikiana na kilichokwisha kupendwa. Alhamdulillah, wanavijiji wa delta hawakunyamaza. Walikwenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na wanasheria watetezi wa mazingira, na mwisho wa mambo mradi ule haukusimama. Vijana wengi wanaokula kamba wa Nyamisati leo hawajui kwamba walitetewa na wazee ambao baadhi yao hawakujua kusoma, waliosimama upande wa wataalamu siku ambayo wakubwa wa wataalamu hao waliwaacha mkono.

Kisha likaja bwawa. Tuseme wazi kwamba hatukatai umeme. Misikiti yetu inauhitaji, na megawati 2,115 si jambo la kubezwa na mtu anayesomesha watoto kwa taa ya chemli. Lakini msomaji aelewe ni kitu gani hasa wanasayansi walikuwa wakikiuliza.

Delta yetu ina kiasi cha hekta 53,000 za mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote wa mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Mkoko, mchu, mkandaa na msinzi haviishi kwa maji ya chumvi peke yake. Vinataka maji baridi ya bara yakutane na ya bahari, na vinataka tope. Tope hilo huteremka na maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kutoka bonde lililo sawa na kama sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ndilo lililovijenga visiwa vya delta, na ndilo linalorutubisha mashamba ya mlau mafuriko yakishapungua, mkulima akapanda katika unyevu bila ya mbolea ya dukani. Sasa bwawa lolote, awe amelijenga nani, huyatuliza maji, na maji yakitulia tope huzama. Tope likibaki huko juu, huku chini bahari huanza kuula ukingo, na chumvi hupanda na mto mpaka kwenye majaruba. Tena hayo yanakuja katika zama ambazo bahari yenyewe inapanda kwa sababu ya kuongezeka kwa joto la dunia. Mizizi ya mikoko na tope lake huhifadhi hewa ukaa nyingi sana, nyingi kuliko misitu mingi ya nchi kavu kwa eneo lilelile, na mkoko ukifa hewa hiyo hurudi angani.

Basi waliouliza ni tope kiasi gani litakalopita, na ni maji kiasi gani yatakayoachwa yashuke kila msimu ili mlau na mikoko visife, hawakuwa maadui wa nchi. Walikuwa wakiuliza maswali ya mkulima kwa lugha ya vitabu.

Walijibiwaje? Mwaka 2018 Wakala wa Huduma za Misitu ulitangaza zabuni ya kuvuna miti katika eneo la zaidi ya hekta 143,000 litakalofunikwa na maji, ndani ya Pori la Akiba la Selous, ambalo ni urithi wa dunia tangu mwaka 1982. Mijadala ilipopamba moto, mwezi Mei mwaka huohuo Naibu Waziri aliyeshughulikia mazingira, Kangi Lugola, alisema bungeni kwamba mradi utatekelezwa watu wapende wasipende, na kwamba watakaoupinga watafungwa. Tunaomba msomaji arudie kusoma: aliyesema hayo ni naibu waziri wa mazingira. Septemba ikaja na marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, yaliyofanya kuwa jinai kusambaza takwimu bila idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, au takwimu zenye kuzikanusha zile rasmi. Adhabu yake ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Desemba mkataba wa bwawa ukatiwa saini na kampuni mbili za Misri.

Kwa insafu ni lazima tuseme kwamba kipengele hicho cha jinai kiliondolewa Juni 2019, baada ya Benki ya Dunia kulalamika. Lakini hofu haiondoki kwa kura ya bungeni. Na sisi wa Kibiti tulikuwa na ziada yetu. Tangu mwaka 2015 watu walikuwa wakiuawa, viongozi wa vijiji na askari, hata askari 8 kwa siku moja tarehe 13 Aprili 2017, na ikafika mahali pikipiki zikakatazwa kutembea usiku. Novemba mwaka huo mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika juu ya mauaji hayo, alichukuliwa hapahapa Kibiti na hajaonekana tena. Hakuwa mtafiti wa misitu. Lakini nani baada ya hapo angeingia msituni na kamba ya kupimia na daftari, akahesabu visiki, kisha akagonga mlango wa mtu amuulize nani amekata?

Waliosoma tarikh watakumbuka kisa anachokisimulia al-Qifti kuhusu Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra, mwandishi wa Kitab al-Manadhir. Khalifa wa Kifatimi wa Misri, al-Hakim, alisikia kwamba mtu huyu anadai angeweza kuyadhibiti maji ya Nile. Akamwita, akampa watu na mali, akampeleka kusini hadi karibu na Aswan. Huko alitazama mto, akatazama na majengo ya watu wa kale, akaona kwamba lau jambo hili lingewezekana kwa namna aliyoikusudia, waliojenga vile wasingeshindwa nalo. Akarudi akakiri kwamba amekosea. Kisha akamwogopa mtawala, akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipoondoka duniani mwaka 1021. Umma uliokuwa na bingwa mkubwa kuliko wote wa elimu ya mwanga ulimlazimisha ajitie wazimu ili asalimike na matokeo ya kipimo cha mto. Na Misri hiyohiyo ilikuwa na mikyas katika kisiwa cha Rawda, nguzo ya kupimia Nile iliyojengwa mwaka 861, na mnadi aliyepita mitaani kuwatangazia watu maji yamepanda kiasi gani. Zilikuwapo nyakati ambapo watawala walikataza kipimo kisitangazwe, kwa kuogopa taharuki na kupanda kwa bei ya nafaka.

Asidhani mtu kwamba maradhi haya ni ya kwetu peke yetu. Marekani, ambako vyuo vyetu hupeleka wanafunzi, Septemba 2025 Rais Donald Trump alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akayaita mabadiliko ya tabianchi kuwa ni utapeli. Kabla ya hapo, Januari 2025, mtandao wa kutoa tahadhari ya njaa uitwao FEWS NET, uliokuwa ukifanya kazi tangu mwaka 1985, ulizimwa kwa amri ya kusimamisha misaada, na ukarejea miezi kadhaa baadaye. Shirika la USAID lenyewe likafungwa Julai 1. Elimu inayotegemea mfuko wa mtu mmoja hufungwa siku mtu huyo anapokasirika, nasi tujiulize ni vipimo vingapi vya mvua na misitu ya Afrika Mashariki tulivyokuwa tumevitegemeza huko.

Hata hivyo tutakuwa madhalimu tukiwataja watawala peke yao. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji na gari lao likachomwa moto. Walikuja kuchukua udongo ili wakaupime. Ilisemwa kwamba ni mumiani. Waliowaua hawakuwa mawaziri. Walikuwa watu kama sisi, wenye kukimbilia uvumi.

Tunajua uvumi huo hupata wapi mbolea. Mwaka 2011 wakulima wa mpunga katika delta waliondolewa na vibanda vyao vikachomwa kwa jina la kuhifadhi mikoko, katika miaka ileile ambayo Norway ilikuwa ikifadhili mpango wa misitu na hewa ukaa nchini. Mwaka 2012 watafiti wawili, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett, waliandika kwamba Warufiji walikuwa wakifanywa wavamizi katika ardhi yao wenyewe. Shirika la WWF lilikana kuhusika na uhamishaji na likapinga vikali, na mwaka 2013 wanasayansi wengine wakawajibu katika jarida lilelile. Kalamu ikijibiwa kwa kalamu hatuna neno. Ila mjadala wote ule ulikuwa kwa Kiingereza, na mwenye dungu lililochomwa hakuusoma. Mtu kama huyo ukimletea mpimaji mwingine, hawezi kumtofautisha upesi na aliyekuja na kiberiti. Tangu mwaka 2022 nchi ina kanuni za biashara ya kaboni, na mikoko yetu itapimwa ili iuzwe. Je, watakaoambiwa bei ya hewa ya msitu wao watakuwa wamewahi kuambiwa kipimo chake?

Dini yetu imekataza kuuficha ushahidi, na maulamaa hawakuufunga ushahidi huo ndani ya mahakama ya kadhi peke yake. Aliyepima kina cha mto ni shahidi. Mwenye kumtisha amewazuilia haki yao wale ambao ushahidi ule ni wao, na hao ni watu wa Muhoro, Salale, Mbwera, Kiongoroni na kila anayelala bondeni.

Kwa hiyo tunawaomba wanaoliendesha bwawa: kiasi cha maji yanayofunguliwa na siku ya kufunguliwa vibandikwe katika kila ofisi ya kata ya chini ya mto, kwa Kiswahili na kabla ya maji kufika, na kumbukumbu za mwaka 2024 ziwekwe mahali ambapo mtafiti yeyote ataziona bila kuomba radhi. Misikiti ipo tayari kuyasoma matangazo hayo baada ya sala. Mtafiti anayekuja na kibali cha COSTECH apokelewe kama mgeni, naye asiondoke bila kuahidi siku atakayorudi kukieleza kijiji alichokiona. Na maimamu wasikubali kipaza sauti cha msikiti kitumiwe kutangaza kwamba kuna mumiani.

Katika madrasa moja ya ukanda huu mwalimu alipiga mstari wa mkaa ukutani pale maji ya Aprili 2024 yalipofika, akaandika tarehe kwa Hijria na kwa Miladia. Wanafunzi waliporudi walipima kutoka sakafuni kwa rula ya darasani. Tunaomba kila msikiti uliofikiwa na maji ufanye vivyo hivyo kabla ukuta haujapakwa chokaa upya, na vipimo viletwe kwetu pamoja na jina la kijiji na la shahidi mmoja aliyeyaona maji kwa macho yake. Tutavichapisha vyote, hata vitakavyoonyesha kwamba Serikali ilisema kweli.

Wabillahi tawfiq.