Picha za Mkebeni Zisiachwe Kuoza

Mzee mmoja wa Ng'ambo, karani mstaafu, alituonyesha hivi karibuni mkebe wa biskuti uliojaa picha alizozipiga mwenyewe kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini. Hakuwa mpiga picha wa kazi. Alikuwa wa ridhaa tu. Kamera aliinunua kwa mshahara wake, filamu alizipeleka studio zikasafishwe, na kwa kuwa kila filamu ilitoa picha 12 tu, na kila moja ina gharama yake, alikuwa akisimama na kufikiri kabla ya kubonyeza. Nyuma ya picha nyingi ameandika kwa wino maneno machache: siku, mtaa, bei ya samaki, mvua iliyochelewa, jirani aliyekuwa mgonjwa. Robo ya picha hizo sasa zimegandana, na haziwezi kubanduliwa bila ya kuchunika.

Tumeona ni wajibu wetu kuliandika jambo hili kwa sababu mkebe huo hauko peke yake. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, juu ya kabati au chini ya kitanda, ipo mikebe ya namna hiyo, na wenyewe wanazeeka.

Huenda akatokea mtu akauliza: picha za nini tena, nazo zimejaa vitabuni na katika maduka ya watalii? Ni kweli zimejaa. Visiwa hivi vimepigwa picha tangu karne ya 19. Baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, zilipigwa picha za majumba yaliyobomoka na za mnara wa taa ulioharibiwa mbele ya Beit al-Ajaib, na kwa picha hizo kila mtu aweza kuona jumba lile lilivyokuwa kabla ya kuongezewa mnara wa saa. Studio ya Capital Art, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe Rohit, imetuachia hazina ya sura za watu waliojipamba wakaja kukaa mbele ya kamera. Na ilipoanguka sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, msiba ulikuwa mkubwa. Lakini mtu atakaye kujua jumba hilo lilivyosimama hatakosa picha ya kulitazama.

Je, mtu akitaka kujua mitaa ya Ng'ambo ilivyokuwa kabla ya kujengwa majumba ya Michenzani katika miaka ya 1970, aende wapi? Nyumba za udongo zilizobomolewa kupisha majumba hayo na barabara zake hazikuwa na mnara wala mlango wa nakshi wa kumvuta mgeni mwenye kamera. Picha iliyopigwa kutoka ndegeni itamwonyesha mapaa. Haitamwonyesha baraza, wala kina mama wanaosuka ukili, wala fundi cherehani aliyelala mchana kichwa kikiwa juu ya meza yake. Hayo yamo mkebeni. Imo pia picha ya familia inayohama, vitanda vimepandishwa juu ya gari la ng'ombe, na mtoto ameshika kuku. Imo picha ya foleni ya unga, na watu waliomo katika foleni hiyo wanacheka. Mpiga picha wa serikali, ambaye kazi yake ilikuwa kumwonyesha kiongozi akikata utepe, asingeipiga picha hiyo. Na yule wa studio foleni isingemwendea.

Mzee anasema aliwahi kunyang'anywa filamu nzima na mtu mwenye mamlaka ambaye hakutaka kueleza sababu. Hatuifufui habari hiyo ili kumlaumu mtu. Tunaitaja kwa kuwa hata leo mgeni hupiga picha sokoni Darajani na hakuna anayemwuliza, lakini mwenyeji akitoa kamera huulizwa anataka nini. Kukataa kwa anayepigwa picha ni jambo jingine, nalo ni haki yake: bibi mmoja alipoufunika uso wake kwa kanga, mzee aliishusha kamera, na nyuma ya picha ya mlango mtupu akaandika kwamba bibi hakupenda.

Adui wa picha hizi ni hewa yetu yenyewe. Tabaka linaloshika picha juu ya filamu na karatasi lina ndani yake jelatini, ambayo hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama, na ukungu wa masika huila kama unavyokula chakula kingine. Picha nyeusi na nyeupe iliyooshwa vizuri studio huweza kudumu. Iliyooshwa kwa haraka hugeuka manjano. Picha za rangi ndizo dhaifu zaidi, kwani rangi zake hufifia hata gizani, na joto huzidisha ubaya. Nyingi za miaka ya 1970 zimekwisha kuwa nyekundu. Na zile albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki, ambazo tulizinunua kwa fahari kubwa, zimeziharibu picha nyingi kuliko mikebe.

Nyumba ya Nyaraka iliyopo Kilimani inahifadhi maandishi ya Kiarabu, barua za mabalozi na picha za zamani. Tunawaomba wahusika waifungue kwa picha za watu wa kawaida pia, wala wasingoje ziletwe. Mashine moja ya kunakili na karani mmoja waweza kukaa siku mbili katika ofisi ya sheha, wananchi wakaleta picha zao, zikanakiliwa mbele ya macho yao na kurejeshwa siku hiyo hiyo. Tusiambiwe kwamba fedha hakuna, kwa kuwa ofisi zipo, meza zipo, na masheha wanawajua watu wao.

Vijana wetu hupiga kwa simu, katika arusi moja, picha nyingi kuliko alizopiga mzee kwa mwaka mzima, na simu ikitumbukia baharini zote zimekwenda. Hilo litahitaji makala yake.

La haraka zaidi ni majina. Katika picha moja wapo wanaume tisa wanaovuta jahazi pwani. Mzee aliwataja saba, mmoja mmoja, na mtaa wa kila mmoja. Wawili hakuwajua. Aliyekuwa akiwajua, rafiki yake aliyesimama pembeni siku picha ilipopigwa, alifariki Ramadhani iliyopita.

Mzee yuko tayari kuuazima mkebe wake kwa sharti mbili: urejeshwe, na atakayeuhitaji aende yeye nyumbani, kwa sababu miguu haimsaidii tena. Ofisi yoyote itakayokuwa tayari itufahamishe, nasi tutaipeleka hadi mlangoni kwake, madhali masika hayajaanza.