Hawakufuata, walikamatwa

Wasee, hapa mtandaoni mfuasi ni mtu aliyebonyeza kitufe kwa hiari yake, na akichoka na mimi anatoka. Sasa skizeni hii.

Mwaka wa 1915 serikali ya Mwingereza hapa kwetu ilitunga sheria ya kuwalazimisha Waafrika kubebea jeshi mizigo, kwenye vita dhidi ya Mjerumani aliyekuwa ameshika Tanganyika. Kwenye jina la hiyo sheria, watu hao wameitwa "wafuasi". Wafuasi! Mtu ametolewa shambani na watu wa chifu, halafu anaandikwa kama shabiki wa vita.

Jeshi lenyewe lilikuwa na hilo neno kwa watu wake wasioshika bunduki: wapishi, wabeba machela, wapagazi. Wapagazi ndio walikuwa wengi, na kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Sema jina hilo haraka haraka utasikia Kariokor. Ndiyo, hapo tu tunapoenda kununua viondo na kula nyama choma palikuwa kambi yao. Kariakoo ya Dar, jina ni hilo hilo.

Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, magari yakakwama matopeni, kwa hivyo chakula na risasi zilienda kwa kichwa cha mtu. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi. Ni kuhara damu, malaria, nimonia, na posho ambayo haijaiva.

Mzungu aliyekufa alichongewa jiwe lenye jina. Mfuasi je? Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Mtaniambia shida ilikuwa rangi, si neno. Sawa, ni rangi. Lakini neno lilirahisisha kazi: nani humjengea mfuasi kaburi?

Hata zile sanamu tatu za Kenyatta Avenue, maandishi yake yanawasifu wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi. Watu huona ni heshima. Mimi huniudhi, maana mguu hauna jina wala mama anayeungoja nyumbani.

Kama kwenu kuna babu wa babu aliyepelekwa hiyo safari, uliza wazee leo, unitumie jina lake. Naanza kuyaandika hapa, moja moja.