Nani Aliyeichinja Peugeot 404?

Wapo wasomi wenzangu wanaodai kwamba kutunza magari ya kale ni anasa ya Wamarekani, ambao Ford Mustang ya 1965 kwao hufikia makumi ya maelfu ya dola. Dai hilo nalikataa. Mustang imedumu kwa kuwa ina vilabu, madaftari ya namba za chesisi na viwanda vinavyoitengenezea vipuri hadi leo.

Kwa ugumu, 404 haikuwa na mpinzani. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, katika mashindano ambayo Mercury Comet za Kimarekani, zilizoletwa kwa mbwembwe mwaka 1964, hazikufua dafu. Itafute leo Gerezani na Kariakoo. Ukibahatika utaonyeshwa mlango, au difu. Gari zima halina bei. Vipande ndivyo vyenye bei, na masalia hupimwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Simlaumu muuza spea, anatafuta riziki. Nawalaumu wenye mafaili. Gari la umma likipelekwa mnadani huulizwa kama linatembea, si kama lilimbeba nani. Nairobi wana maonyesho ya magari yaliyoanza 1970. Sisi tunayo Rolls-Royce iliyomtumikia gavana wa kikoloni kisha Mwalimu Nyerere, imehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, si mbali na Gerezani. Basi orodha ya kila mnada ipitie kwanza mezani kwao, kabla nyundo haijagongwa.