Droni Mnayo, Spika Mnayo. Ya Kuitia Msaada Je?

Wasee, tuongee kuhusu hizi safari za wikendi. Unatuma doo kwa M-Pesa, unaamka saa kumi alfajiri, matatu inawapeleka Njabini, mnaanza kupanda Elephant Hill. Mwandalizi amebeba droni. Amebeba spika. Sasa muulize: mtu akiumia huko juu ya mianzi, utaita msaada na nini? Atakuonyesha simu.

Simu! Mimi nimekaa huko na dada ameteguka kifundo, ukungu umeshuka, simu 14 kati yetu na hakuna hata moja ina mtandao. 112 haipiti kama hakuna mnara unaokufikia. Jamaa mmoja akasema, "Si GPS iko?" Iko, buda. GPS inaiambia simu yako uko wapi. Haimwambii mtu mwingine yeyote. Ikabidi vijana wawili wateremke kwa miguu kutafuta mtandao, na huo ndio ulikuwa mpango mzima. Yule dada tulimfikisha barabarani saa nne usiku.

Na msiniletee stori ya redio za mkononi. Hizo kilima kikiingia katikati zinanyamaza, na sisi tumeenda kupanda nini?

Kinachotakikana ni kifaa cha setilaiti. Kuna kile cha masafa ya 406 MHz: unakisajili, hulipi kila mwezi, ukibonyeza kinatuma ishara kwa angalau saa 24. Shida ni kuwa huwezi kuongea nacho. Halafu kuna vya aina ya Garmin inReach, vinavyotuma na kupokea jumbe kupitia setilaiti za Iridium, lakini vinataka malipo ya huduma. Mimi nachagua hivi. SOS yake inafika kwanza kituo kilicho Texas, halafu wao ndio watafute nani wa kupigia huku Kenya. Lazima watauliza: ni mguu ama ni kifua? Mko wangapi? Unawajibu. Na aliyeumia anajua kuna mtu amesikia.

"Lakini ni bei." Ni bei kweli, ndiyo maana simwambii comrade wa chuo anunue. Namwambia mwandalizi anayebeba watu 30 kila Jumamosi. Gawanya hiyo gharama kwa vichwa. Mimi niliacha chuo lakini hiyo hesabu naiweza.

Siku hizi nauliza kabla sijatuma pesa. Wiki hii nimeuliza waandalizi watatu. Mmoja ameniblock, mmoja amenitumia emoji ya kucheka. Wa tatu amenitumia picha ya kifaa chake kikiwa kimewashwa, na Jumamosi naenda na yeye.