Barua ya mtoto mgonjwa iliyozaa kitabu cha sikukuu

Shule zimefungwa na nyumba zimejaa. Wapo watoto wa nyumbani, wapo binamu waliokuja kutoka mkoani, na mara nyingi yupo mmoja aliyelala chumbani wakati wenzake wanacheza nje. Ana tetekuwanga, au ana homa iliyoanza kushuka, au amevunjika mkono siku ya pili tu ya likizo. Dawa amepewa na uji amekunywa nusu kikombe. Kilichobaki ni saa nyingi za kutazama dari, na hapo ndipo mzazi anapompa simu ili naye apate kumaliza kazi zake.

Simlaumu mzazi huyo. Ila safu ya wiki hii nataka niitumie kumweleza mwandishi mmoja wa Uingereza ambaye kazi zake mbili kubwa zilianza kwa mtoto wa namna hiyo hiyo, na zote mbili alizichapisha kwa fedha zake mwenyewe. Anaitwa Beatrix Potter, aliyezaliwa London mwaka 1866.

Beatrix hakupelekwa shule. Wazazi wake walikuwa na uwezo na walimwekea walimu wa nyumbani, wa mwisho wao akiwa Annie, dada aliyemzidi umri kwa miaka michache tu. Annie alipoolewa na kuwa Bi. Moore, urafiki haukufa. Watoto wake walimpata Beatrix kama shangazi wa hiari, yule asiye ndugu wa damu lakini anajua nani anapenda nini.

Mwaka 1893, mtoto mkubwa wa Annie, Noel, aliugua. Alikuwa na miaka mitano. Beatrix wakati huo alikuwa mapumzikoni Scotland, mbali na mgonjwa, na tarehe 4 Septemba alikaa chini kumwandikia barua. Hakuwa na habari yoyote ya kumpa mtoto, na alimwambia hivyo bila kuficha. Basi badala ya habari akamsimulia sungura wanne wadogo, huku akichora picha kwa kalamu katikati ya maandishi.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mama sungura anawakanya wanawe wasikanyage bustani ya Bwana McGregor. Watatu wanasikia. Wa nne, Peter, anaingia, anakula mpaka tumbo linamkataa, anafukuzwa, anapoteza koti na viatu, na anarudi nyumbani hoi. Mama yake anamlaza na kumnywesha dawa ya majani. Tazama alichokifanya: mtoto aliyelala kitandani na kunyweshwa dawa asizozipenda amesomewa habari za sungura aliyelala kitandani na kunyweshwa dawa. Hakuna mahali alipoambiwa "pole, utapona" wala "kuwa na subira". Amepewa mwenzake.

Noel aliitunza barua ile. Miaka saba hivi baadaye Annie alimshauri rafiki yake azigeuze zile barua kuwa vitabu, na Beatrix akamwomba Noel amwazime barua yake ili ainakili. Akairefusha, akaongeza picha, akaipeleka kwa wachapishaji. Wachapishaji wasiopungua sita waliikataa. Yeye alitaka kitabu kidogo kinachokaa kwenye kiganja cha mtoto, na bei ambayo mzazi wa kawaida ataimudu. Wao hawakukubaliana na matakwa yake, hasa kuhusu umbo la kitabu.

Hakulia wala hakusubiri. Alitoa akiba yake, akaenda kwa mpiga chapa, na Desemba 1901 akapata nakala 250 za The Tale of Peter Rabbit, karibu picha zote zikiwa nyeusi na nyeupe. Nyingine aligawa zawadi, nyingine aliuza. Baada ya wiki chache ilibidi zipigwe nyingine 200. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, alikuwa miongoni mwa waliowanunulia watoto wao. Kampuni ya Frederick Warne, iliyokuwa imekataa mwanzo, ikabadili mawazo, na Oktoba 1902 ikatoa kitabu chenye picha za rangi. Nakala 8,000 za kwanza zilikwisha kabla hata ya siku ya kutoka.

Wengi huishia hapo wanaposimulia habari za Beatrix. Mimi nakipenda zaidi kitabu cha pili, na kumbe hata yeye ndicho alichokipenda kuliko vitabu vyake vyote vidogo. Kinaitwa The Tailor of Gloucester, Fundi Nguo wa Gloucester. Ni cha Krismasi, na mgonjwa wake safari hii alikuwa Freda, mdogo wake Noel. Freda alipenda hadithi za ajabu na alikuwa ameugua, kwa hiyo Krismasi ya 1901 Beatrix alimpelekea daftari lenye hadithi iliyoandikwa kwa mkono na picha 12 za rangi.

Mzazi yeyote aliyewahi kupeleka nguo za sikukuu kwa fundi wa mtaani ataielewa mara moja. Fundi ni mzee maskini anayewashonea matajiri. Meya ataoa asubuhi ya Krismasi, na koti lake la hariri nyekundu pamoja na kizibao vimeshakatwa, vipo mezani, vinasubiri kushonwa. Umepungua uzi mmoja tu wa rangi ile. Mzee anampa paka wake, Simpkin, senti zake nne za mwisho akanunue mkate, maziwa, soseji na uzi. Paka akiwa njiani, mzee anasikia vishindo vidogo chini ya vikombe vya chai. Anavifunua na kukuta panya, ambao Simpkin aliwafungia humo kuwa kitoweo chake cha jioni. Anawaachia.

Paka akarudi, akakuta kitoweo kimekwenda. Kwa hasira akauficha uzi ndani ya birika. Na usiku ule ule fundi akashikwa na homa kali, siku tatu mchana na usiku, akiweweseka habari za uzi. Usiku wa kuamkia Krismasi, Simpkin anapita nje ya duka na kuona mshumaa unawaka ndani: panya wale wanashona. Anarudi nyumbani na aibu yake. Mzee anapopata nafuu asubuhi anakuta uzi juu ya blanketi, na dukani anakuta kazi yote imekwisha isipokuwa kitundu kimoja cha kifungo, chenye kikaratasi cha maandishi madogo kama ya panya kinachosema uzi uliisha.

Hadithi hii ina mzizi wa kweli. Mji wa Gloucester ulikuwa na fundi, John Prichard, aliyeacha nguo ya meya haijamalizika, akarudi na kukuta imeshonwa isipokuwa kitundu kimoja. Ni wasaidizi wake walioingia usiku. Beatrix aliwaondoa wasaidizi akaweka panya, na akampa mzee homa ambayo Freda aliijua.

Hiki nacho alikichapisha mwenyewe, nakala 500, Desemba 1902, ingawa sasa tayari alikuwa na kampuni. Alijaza ndani yake mashairi na nyimbo za zamani za watoto, na alihofia Warne wangezikata. Kweli walipokitoa mwaka uliofuata walizipunguza sana. Kama biashara walikuwa sahihi, kitabu kikawa chepesi. Lakini mtoto mgonjwa hana haraka, na nadhani daftari la Freda lilimfaa Freda zaidi kuliko toleo lile lililosafishwa.

Nirudi kwenye uwanja wangu wa afya. Mwaka 2021 ulitangazwa utafiti uliofanyika Brazil kwa watoto 81 waliolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Baadhi walisimuliwa hadithi kwa karibu nusu saa, na wengine walichezeshwa vitendawili na mtu yule yule kwa muda ule ule. Watafiti walipima mate yao kabla na baada. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini waliosimuliwa hadithi walipata karibu mara mbili: kotiso, homoni inayopanda mtu akiwa na wasiwasi, ilishuka zaidi; oksitosini, inayohusika na upendo na kuaminiana, ilipanda zaidi; na maumivu waliyosema wanayasikia yalipungua zaidi. Ni utafiti mmoja, wa watoto wachache, na hakuna aliyeacha dawa zake kwa sababu ya hadithi. Hata hivyo, nusu saa na sauti ya mtu ni gharama ambayo familia nyingi zinaweza kuibeba.

Kwa hiyo usiku wa leo mzazi afanye nini? Kwanza, usisubiri kitabu. Chukua daftari la shule lililobaki kurasa, mpe mhusika maradhi ya mwanao na tabia ya mwanao. Kama ana tetekuwanga, basi mbuzi wako naye awashwe. Kuchora vibaya si tatizo. Mtoto atakucheka, na kucheka ndiko tunakokutafuta. Ukiwa mbali, mathalani baba uko machimboni au mama unafanya kazi Muscat, rekodi hadithi kwa sauti na uitume kwa WhatsApp. Beatrix naye alikuwa mbali.

Pili, tusidhani sungura huyu ni mgeni kwetu. Kati ya 1893 na 1896, miaka ile ile ya barua, Beatrix alichora picha nane za hadithi za Uncle Remus, zilizokusanywa Marekani kutoka kwa watu weusi waliokuwa watumwa, na shujaa wake ni sungura mjanja anayewazidi akili wanyama wenye nguvu. Hadithi za namna hiyo zilivuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa. Bibi anayesimulia Sungura na Fisi ana ukoo na kitabu hiki kuliko anavyojua. Mpe kiti karibu na kitanda.

Jambo moja haliwezi kusubiri hadithi iishe. Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akihema kwa shida, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, nendeni kituo cha afya usiku huo huo.

Vitabu vyote viwili vinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, kwa Kiingereza na picha zake. Soma peke yako kwanza kisha simulia kwa Kiswahili, maana ukitafsiri neno kwa neno mtoto atalala kabla ya panya kutoka kwenye vikombe. Kwa hadithi za Kiswahili zenyewe, ingia African Storybook. Ni bure, nyingi ni fupi na zina picha kubwa. Na kama utaanza na yule fundi wa Gloucester, katisha pale paka anapoficha uzi kwenye birika. Kesho asubuhi mgonjwa atakuwa wa kwanza kukuita.