Kabla ya kuilaumu pampu

Msimu wa mavuno ukifika, barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa hujaa pikapu za zamani. Nyingi ni Toyota Hilux za dizeli, zile zenye injini za 2L na 3L, ambazo zimekwishapita mikononi mwa wenyewe watatu au wanne kabla ya kumfikia mkulima wa Ruaha Mbuyuni. Hupakiwa vitunguu na matenga ya nyanya, kisha huelekezwa Mlima Kitonga. Hapo Kitonga ndipo ugonjwa wa mafuta unapojitokeza hadharani: gari lililokuwa likikimbia vizuri tambarare linapoteza nguvu, linakohoa, na mwisho linazima katikati ya kona.

Nyanya hazimsubiri fundi. Mzigo ukishinda juani siku moja, mnunuzi wa sokoni hushusha bei au huukataa kabisa, na mwenye pikapu hubaki na deni la pembejeo, gharama ya kuvutwa na bili ya gereji. Bili hiyo ya mwisho ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo, kwa sababu mara nyingi huandikwa kwa ugonjwa ambao gari halikuwa nao.

Mafundi wengi wa barabarani wana hukumu moja tu: "Pampu imekufa." Pampu ya nozeli ni kifaa ghali kuliko vyote katika njia ya mafuta, na kuipima sawasawa kunahitaji mashine ambayo gereji ya chini ya mti haina. Mwandishi mmoja wa dawati hili aliwahi kuuziwa pampu ya mtumba kwa hukumu hiyo hiyo. Gari likaenda siku tatu, likarudia yale yale. Kumbe kilichokuwa kibovu ni kipande cha mpira chenye urefu wa shubiri moja karibu na tangi, kilichopasuka kwa uzee.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Katika Hilux hizo hakuna pampu ndani ya tangi inayosukuma mafuta mbele. Pampu ya nozeli yenyewe ndiyo inayoyavuta kutoka nyuma. Mpira ukipata ufa mdogo au klipu ikilegea, huenda usione dizeli ikidondoka chini. Badala yake gari linavuta hewa. Ndiyo maana asubuhi dereva hupiga starta mpaka betri inachoka, lakini akisukuma mara kadhaa ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, injini inawaka. Anayetaka uhakika afunge kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu. Viputo vikipita mfululizo, hewa inaingia mahali fulani huko nyuma.

Kipimo kinachotupendeza zaidi ni cha kidumu. Kwanza badilisha filta, maana filta iliyoziba hudanganya kila kipimo kinachofuata. Kisha jaza dizeli safi katika kidumu cha lita 5, kifunge imara mahali palipo juu kuliko pampu na mbali na joto la ekzosi, uunganishe humo mpira wa kuleta mafuta na ule wa kuyarudisha. Toa hewa, halafu pandisha gari kilima likiwa na mzigo. Likipanda vizuri, pampu yako ni nzima, na tatizo liko kati ya tangi na filta. Vua mfuniko wa tangi: ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kwenda ndani, kitundu cha kupumulia kimeziba. Kama si hivyo, kagua mipira yote, kisha chujio lililo ndani ya tangi, ambalo katika magari ya shamba hujaa matope. Gari likishindwa kilima hata kwa kidumu, sasa ni halali kuwapelekea nozeli na pampu mafundi wenye mashine ya kuzipimia. Lakini mtu asithubutu kukinga mkono penye mchirizi wa nozeli; dizeli hutoka hapo kwa mgandamizo unaoweza kupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali.

Pampu hufa kweli, hatukatai. Dizeli ndiyo inayozilainisha sehemu zake za ndani, na ikichanganywa na maji au mafuta ya taa, vyuma husagana. Kwa miaka mingi uchakachuaji ulilipa kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini. EWURA ilianza kutumia vinasaba mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili wachanganyaji wakose faida. Tulizipongeza hatua hizo na bado tunazipongeza. Hata hivyo, ukaguzi wa vituo haumfikii anayeuza dizeli kwa madumu kando ya njia, na huko vijijini ndiko mkulima anakonunua pale kituo kinapokuwa mbali. Tunawaomba wahusika wafikirie vituo vidogo vyenye leseni karibu na mashamba, maana kuwafukuza wauza madumu bila kuweka mbadala kutamwacha mkulima na tangi tupu.

Kwa sasa, mwenye pikapu afungue ule mlango mdogo wa chini ya filta walau mara moja kwa wiki, na kila siku wakati wa masika, amwage maji yaliyotuama. Vyama vya ushirika navyo vinaweza kumwalika mwalimu wa ufundi magari kutoka VETA kwa siku moja tu, akawaonyesha madereva hicho kipimo cha kidumu kabla msimu haujaanza. Mita mbili za mpira wa dizeli na klipu nne hupatikana Iringa mjini, na dereva mwenye bisibisi anaweza kuvifunga mwenyewe.