Kifua cha mtoto mchanga hutoka kwa ndugu zake

Mwandishi, makala yako nzuri, ila uliposema mtoto mchanga huambukizwa kifua na wageni wanaokuja kumtazama, hapo sikubaliani nawe. Watafiti wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi walizifuatilia familia kwa miezi sita kati ya 2009 na 2010, wakachukua sampuli puani kwa kila mtu wa nyumba mara mbili kwa wiki, awe mzima awe mgonjwa. Virusi vya RSV, vinavyoleta kifua hicho, mara nyingi viliingizwa na watoto wakubwa wa nyumba hiyo hiyo, hasa wanaosoma. Kwa sisi wa Mtopanga tunaolala chumba kimoja wote, hilo wala halinishangazi. Wangu wa darasa la pili alirudi na mafua ya kawaida tu, kutwa anambusu mdogo wake wa miezi miwili. Haikupita wiki, mtoto anapumua mbio, kifua kinabonyea chini ya mbavu, ziwa halitaki. Na wewe dada uliyeandika hapo juu eti ni baridi ya feni, akandwe mafuta ya nazi na karafuu: kanda, hakuna anayekukataza, lakini ukiona mbavu zinaingia ndani hivyo usingoje kupambazuke, mkimbize hospitali yenye oksijeni. Antibiotiki za kununua dukani haziui virusi. Hata chanjo ya nimonia tunayopewa kliniki tangu 2011 inakinga bakteria ya nyumokoka, si RSV; wachanjeni kwa wakati vivyo hivyo, na huyo wa shule anawe mikono kabla hajampakata mdogo wake.